Bawa Nililolifua

Binti yangu wa pili amerithi jina la mama yangu, kama ilivyo desturi kwetu Wakikuyu, na ndiyo maana tangu akiwa mchanga namwita maitu, yaani mama yangu. Yeye amezoea. Wateja wangu ndio hugeuka kutazama wakinisikia, mwanamke wa umri wangu, nikimwita msichana hivyo.

Mimi nakaa Makongeni, Thika, na chumba cha mbele cha nyumba yangu ndicho duka ninamoshonea sare za shule. Yeye amepanga Mugutha, upande wa Ruiru, karibu na kliniki anakofanya kazi ya maabara. Miaka minne iliyopita mfanyakazi mwenzake alimpeleka ukingo wa Bonde la Ufa kuona watu wanaoruka na mabawa ya kitambaa. Alirudi Jumapili jioni, akaketi jikoni kwangu na vumbi kwenye nyusi, akasema, "Mama, nimepata kitu changu."

Nilidhani amepata mchumba. Niliweka maji ya chai na kuanza kumuuliza kijana ni wa wapi.

Alijifunza polepole, kwa bawa kubwa, la pole, wanalopewa wanafunzi. Mwaka wa tatu mwalimu wake aliona yuko tayari, akamwachia bawa alilokuwa akirukia yeye mwenyewe kwa miaka, dogo, la rangi ya machungwa na nyeupe. Hilo lilikuwa la kuchezea hewani: la kuzungushia, la kujitupa kando kwa kando, la kujipindua mpaka miguu ikapita juu ya kichwa. "Hili ni kali, mama," aliniambia. "Ukivuta kidogo tu, lishajibu."

Nikamuuliza kama amekula.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa. Kila alipoanza habari za kuruka, nilimuuliza kama amekula, au kama kodi imepanda, au kama bado anatumia ile dawa ya kifua. Sikumkataza hata siku moja. Ila pia sikuuliza chochote.

Mwaka jana, mvua zilipokuwa zimeshika kabisa, alinijia Jumatatu akiwa na lile begi mgongoni. Alikuwa ametua kwenye shamba la mtu huku kukinyesha, na alikuwa amelikunja bawa likiwa bichi, na tope lake. Kwake Mugutha dari ilikuwa inavuja. Kazini alikuwa na zamu ndefu wiki nzima.

"Naomba likae hapa mpaka Jumamosi," alisema. "Usilifungue tu, mama. Nikija nitalishughulikia."

Nikasema sawa.

Kabla ya kuanza kushona nilifanya kazi miaka tisa katika kiwanda cha nguo hapa Thika, kwenye meza ya kukagua vitambaa. Pua yangu inajua nguo iliyofungiwa maji. Kufikia Jumanne jioni nilikuwa nausikia ule mvuke wa uvundo ukitoka kwenye begi, na Jumatano asubuhi nilishindwa. Nililifungua. Lilitoka kama utumbo, mita kwa mita, na nyuma yake kamba nyembamba kama nyuzi za kushonea magunia, nyingi, zimeshikana. Ukingo wa mbele ulikuwa mwekundu kwa udongo.

Nilijiambia, huyu mtoto anachoka, wacha nimsaidie.

Nilichukua makarai mawili makubwa. Nikaweka sabuni ya unga, si nyingi. Penye tope nilisugua kwa ile brashi laini ninayosugulia kola. Maji yalitoka rangi ya chai, kisha rangi ya machungwa, nikabadilisha mara tatu. Kamba nilizitenganisha moja moja kama ninayemchana mtoto nywele, nikizifunga kwa vipande vya kitambaa zisishikane tena. Ilinichukua siku nzima. Sitasema uongo, niliifurahia kazi ile. Sikuwa nimefua kitu chake tangu aende bweni.

Alhamisi jua lilitoka kali na nikalianika uani, kwenye kamba za nguo, kutoka ukuta mpaka ukuta. Jirani alichungulia langoni akauliza kama nina harusi. Lilishinda pale mpaka jioni.

Ijumaa nikaona mikunjo, nikaleta pasi.

Mimi ndiye niliyewafundisha wasichana wangapi kwamba kitambaa usichokijua unakijaribu kwanza kwenye kipande! Nilipitisha pasi ya moto mdogo kwenye ukingo, mara moja, na kitambaa kikajivuta kama utando wa maziwa. Niliinua mkono hapo hapo. Lilibaki kovu la ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Nilikaa nikiliangalia, kisha nikalikunja bawa lote mraba kama shuka, lile kovu likiwa ndani.

Jumamosi aliingia na mikate na maziwa. Aliliona kitandani, akasimama. Alipitisha kiganja juu yake.

"Umelifua?"

"Lilikuwa linaoza, maitu."

"Na nini?"

"Sabuni ya unga. Kidogo tu."

"Ukasugua?"

"Na brashi ya kola."

"Ukaanika wapi?"

Nilionyesha nje. Aliketi ukingoni mwa kitanda, maziwa bado yako mkononi. Hakupaza sauti. Alinieleza kwa ile sauti ambayo nadhani huwaelezea wagonjwa majibu yao. Kwamba kitambaa kile kimepakwa kitu chembamba kinachozuia hewa isipite, na hewa ikipita bawa haliwezi kumbeba mtu. Kwamba sabuni hukitoa, brashi hukikwangua, na jua hukila hata bila kuguswa. Lilipaswa kupanguswa kwa sponji na maji matupu, likaushwe kivulini penye upepo, likunjwe bila kubanwa.

"Lakini na mimi nilikosea," alisema. "Sikupaswa kuliacha bichi. Ungeliacha mpaka leo lingekuwa na ukungu. Ulinusa vizuri."

Alilitandaza kidogo kidogo, akiinua kila sehemu kwenye mwanga wa dirisha. Aliona limekuwa safi. Alianza hata kutabasamu. "Pengine halijaharibika," akasema. "Mwezi ujao nitalipeleka likapimwe. Nitaruka nalo mara moja tu kwanza, wikendi ijayo. Tumepanga na wenzangu."

Mkono wake ulikuwa umebakisha kama shibiri mbili kufika penye kovu. Lilikuwa dogo, na mshono ulikuwa karibu, angeweza kulipita. Nilijua pia kwamba nikisema, ataniona mjinga kwa kitu ninachokijua kuliko chochote duniani.

"Nililipiga pasi," nikasema. "Hapo mbele. Kuna mahali pameungua."

Alilitafuta, akalipata. Kisha akaniuliza bila kuinua macho, "Mama, ulifanya makusudi?"

Ningetaka kuandika kwamba nilijibu mara moja. Nilisimama nikijitafuta, kwa sababu swali lilikuwa la haki.

"La," nikasema mwishoni. "Nilitaka ulikute safi. Naapa. Lakini sasa hivi nikifikiri kwamba hutaruka wikendi ijayo, moyo wangu umekaa chini. Sikujua ulikuwa umesimama miaka hii yote."

Hapo ndipo alipolia, na mimi nikalia. Tulilia tukiwa tumeketi juu ya lile bawa, mpaka akasema, "Hebu tushuke, tunazidi kuliharibu," na tukacheka na makamasi yetu.

Aliweka chai. Tukiwa jikoni akasema, "Hujawahi kuniuliza hata swali moja. Nilidhani hutaki kujua kitu chochote kinachonihusu kama hakipikiki."

"Naogopa majibu."

"Uliza tu."

Kwa hiyo niliuliza. Ukijipindua hivyo na bawa likijifunga, inakuwaje? Alisema ndiyo maana mambo mapya hujifunza juu ya ziwa tu, mwalimu akiongea naye kwenye redio, jaketi la kuelea kifuani na mashua ikisubiri chini. Sikupenda hata neno moja. Nikamuuliza na kama hakuna ziwa? Alisema anafanya yale tu anayoyajua, akiwa juu sana, ili likimwendea kombo awe na nafasi ya kulirekebisha. Na akishindwa? Alinionyesha kwa mkono jinsi anavyovuta parachuti ya akiba, ambayo hufunguliwa na kukunjwa upya kila baada ya miezi kadhaa hata kama haijatumika. Kabla ya kuruka hupitisha vidole kwenye kila kamba. Upepo ukiwa na matuta, anakunja anarudi nyumbani.

"Umewahi kurudi?"

"Mara nyingi. Zile Jumamosi nakuja hapa mapema, unadhani natoka wapi?"

Sikuwa nimejua. Nilikuwa nadhani amenikumbuka tu.

Wikendi iliyofuata tulilipeleka bawa pamoja kwa mtu anayekagua, mwanamume mpole mwenye karakana safi upande wa bondeni. Nilimweleza mwenyewe nilichofanya, sabuni, brashi, jua na pasi, na yeye aliandika bila kunitazama vibaya. Alibana kitambaa kwa kifaa kidogo kinachovuta hewa, akahesabu sekunde. Alifanya hivyo mahali pengi. Kisha akatoa kamba moja ya katikati, akaivuta kwenye mashine mpaka ikakatika kwa mlio kama wa fimbo, nami nikashika mkono wa binti yangu.

"Kamba bado ni nzuri, hii imestahimili zaidi ya inavyotakiwa kabla ya kukatika, nami nitaweka nyingine," alisema. "Kitambaa cha mbele kinapitisha hewa kupita kiasi. Kwa michezo unayofanya, siwezi kukuruhusu. Hata kuruka kawaida, hapana."

Nilimuuliza kama ni mimi.

Aliweka kalamu chini. "Mama, bawa hili limechezewa hewani miaka mingi kabla hujaligusa, na jua la kule juu si mchezo. Umelimaliza, hilo ni kweli. Lakini lilikuwa na muda gani bado, siwezi kukuambia."

Nimejaribu mara nyingi kulifanya jibu hilo liwe jepesi au zito zaidi ya lilivyo. Limekataa.

Binti yangu hakuruka miezi saba. Mwezi wa kwanza hakuja Makongeni Jumamosi mbili mfululizo, na nilijua kwamba hasira yake ilikuwa imechelewa njiani. Sikumsukuma. Jumamosi ya tatu alinipigia simu. "Njoo Mugutha," alisema. "Vaa viatu vya kufunga."

Karibu na nyumba anayopanga kuna uwanja mpana ambao haujajengwa bado. Alikuwa amelitandaza lile bawa kwenye nyasi fupi, baada ya kuokota mawe na vijiti, maana kitambaa hakiburutwi. Lilikuwa halifai kurukia, alisema, lakini bado linafaa kujifunzia chini, miguu ikiwa ardhini. Alinivalisha mikanda, akaikaza, akaikagua mara mbili. Akanivisha kofia yake ngumu na glavu. Nikamwambia watu wanatuangalia. Akasema waangalie. Upepo ulikuwa mdogo, wa asubuhi. Yeye alishika mikanda yangu kwa mbele, mikono yote miwili, uso wake karibu na wangu.

"Ukihisi linakuvuta, usipigane nalo," alisema. "Nikisema achilia, achilia."

"Nitaanguka?"

"Nimekushika, maitu."

Kwa Kikuyu kila mtoto huweza kumwita mama yake hivyo, lakini yeye tangu aanze shule alikuwa ananiita mama tu, kama wenzake wote.

Nilivuta kama alivyonionyesha. Bawa lilijaa, likapanda kwa sauti ya shuka inayokung'utwa, likasimama juu ya vichwa vyetu, rangi ya machungwa mbele ya mawingu. Nilihisi uzito wangu ukipungua, magoti yakawa mepesi, visigino vikanyanyuka kidogo kwenye nyasi. Nilipiga kelele. Alisema, "Achilia," nikaachilia, likashuka taratibu nyuma yangu na kulala.

"Tena," nikasema.

Tulirudia mara nne. Kisha alinifundisha kulikunja, kila kijisehemu juu ya mwenzake bila kubana, na mkono wangu ulijua kazi hiyo kabla hajamaliza kueleza.

Mwaka huu amepata bawa jingine, la aina ileile, halijatumika sana. Halijawahi kulala kwangu, na sijamwomba. Nilimshonea mfuko mpana wa pamba wa kulihifadhia, wenye kupumua, naye aliupima, akasema mshono mmoja uko ndani ambako utakwaruza. Niliufumua nikashona upya. Siku za kuruka huniandikia kabla na akishatua, na mimi huuliza: upepo unatoka wapi, kamba umezipitia, akiba imekunjwa lini. Hunijibu yote, hata akiwa na haraka.

Jumamosi iliyopita, saa nne asubuhi, aliandika kwamba upepo haujampendeza na anakuja. Nilikuwa na ndoo nzima ya minji ya kumenya maganda. Alipofika alinawa mikono, akavuta kigoda, tukamenya hadi saa saba, yeye akinieleza upepo ulivyokuwa ukifanya kule juu, na mimi nikiuliza.