Palahala Niliyemfuta

Duka langu ni la steshenari, hapa Kahama, karibu na stendi. Ninatoa kopi, ninachapa barua za maombi ya kazi, ninapiga picha za paspoti na kuwaambia watu wafumbe midomo. Kati ya mteja na mteja kuna muda mwingi wa kukaa bure, na mimi nikikaa bure naanza kugombana na watu. Ndiyo maana siku mwanafunzi mmoja wa chuo alipokuja kuchapa ripoti yake ya misitu, akanionyesha tovuti ya picha za wanyama, fundi simu wa duka la jirani alisema afadhali, sasa sote tutapumzika.

Kazi yenyewe ni ya kujitolea. Kwenye hifadhi, huko upande wa magharibi, wamefunga kamera kwenye miti. Kitu kikipita mbele yake, kamera inapiga yenyewe picha tatu mfululizo. Picha ni nyingi kuliko macho ya wataalamu, kwa hiyo huwekwa mtandaoni, na mtu yeyote mwenye nafasi anaruhusiwa kuzitazama na kubonyeza jina la mnyama anayemwona. Kuna fisi, nungunungu, nyegere, pongo na wengine wengi. Kuna kitufe cha "Mifugo", kuna cha "Binadamu", na kuna cha "Hakuna kitu", kwa ajili ya picha ambazo kamera imeshtushwa na upepo tu. Kila picha hutazamwa na watu kadhaa, na wengi wakikubaliana, jibu lao ndilo linalobaki.

"Dada, wanakulipa?" fundi simu aliniuliza.

"Hawalipi."

"Sasa wewe unapata nini?"

Nikamwambia anipishe, ananizibia mwanga.

Jibu ninalo, ila halikuwa la kumpa yeye. Nimezaliwa Didia, na pori nililolikuta kwetu ni vichaka vya miiba katikati ya mashamba. Mnyama pori niliyemfahamu utotoni ni mbiti, yaani fisi, naye nilimfahamu kwa sauti. Wengine wote niliwaona kwenye kitabu cha shule, twiga na sungura wamechorwa kimo kimoja. Kwa hiyo siku nilipomwona nyegere wa kwanza kwenye kompyuta yangu, amenigeuzia ule mgongo wake mweupe kama mtu aliyenuna, nilipiga ukelele mpaka mteja akaangusha vyeti vyake. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuipata kwenye kutoa kopi.

Nikawa hodari. Nikawa namjua pongo kwa mguu mmoja tu uliobaki ndani ya picha. Wenzangu wa kujitolea, watu ambao sijawahi kuonana nao, wakawa wananiuliza mimi wakikwama. Lakini kuna mmoja niliyekuwa namsubiri, palahala, swala mkubwa kama ng'ombe. Dume lake ni jeusi, tumbo jeupe, na pembe ndefu zilizopinda kwenda nyuma mpaka karibu ziguse mgongo. Waratibu wa mradi walituomba tumtafute kwa makini, kwa sababu kulikuwa na maneno kwamba upande ule wa hifadhi umekwisha, hauna tena mnyama wa maana wa kulindwa. Picha moja ya palahala ingewafunga watu midomo. Basi kila asubuhi, kabla sijawasha mashine ya kopi, niliandika kwenye uwanja wetu wa mazungumzo: "Leo je?" Wenzangu hujibu, "Bado."

Kilichokuwa kikiniudhi ni ng'ombe. Kiangazi cha mwaka huu kilikuwa kirefu, mvua zikachelewa, na kamera moja iliyofungwa karibu na mto mkavu ikaanza kuleta ng'ombe kila siku. Kwato, vumbi, mikia, kisha kwato tena. Nilibonyeza "Mifugo" kwa nguvu kana kwamba kitufe kingewaumiza. Siku moja hasira zikanipanda, nikaandika kwenye uwanja wetu: "Watu hawa hawana haya. Hifadhi si zizi la baba yao. Wakamatwe, ng'ombe wapigwe mnada, ndipo watajifunza." Wenzangu wakanijazia vidole gumba. Nikajiona mtu wa maana sana, nikamsomea fundi simu, naye akasema, "Si na wewe ni Msukuma?" Nikamwambia Usukuma hauhusiki.

Nami nina ng'ombe. Sio wengi, na siwafugi mwenyewe, kwa sababu Kahama mjini sina pa kuwaweka zaidi ya juu ya mashine ya kopi. Wako kwa mjomba wangu, kaka yake mama, aliyehamia Ushetu zamani kufuata malisho. Kwetu hilo ni jambo la kawaida. Mtu huweka ng'ombe wake kwenye zizi la ndugu au rafiki. Mwenye zizi anakunywa maziwa, anapata mbolea na anawalimia, lakini ng'ombe na ndama wao wanabaki mali ya aliyewaleta. Hawezi kuuza hata mmoja bila neno la mwenye mali. Na ili wasichanganyike, ng'ombe wa mgeni huwekewa alama ya kwao. Wangu wana alama ya ukoo wa baba yangu, sikio la kulia limekatwa ncha mara mbili. Kule Ushetu hakuna mwingine anayekata hivyo.

Mjomba ananipenda, na hupenda kunionyesha hao ng'ombe. Nikienda kumtembelea, kabla sijakaa, ananipeleka zizini na kunieleza habari za kila mmoja, nani kazaa, nani mkorofi. Ninayempenda mimi ni jike mmoja mwekundu mwenye baka jeupe begani. Pembe yake ya kushoto ilivunjika akiwa mtamba, ikaota upya ikainama mpaka karibu na jicho.

Kwenye kiangazi hichohicho mjomba alinipigia simu. Ana simu ya kitochi, na mtandao kwake unapatikana juu ya kichuguu kimoja nyuma ya boma, kwa hiyo akipiga ujue amepanda, na ujue jambo ni kubwa. Akasema nyasi zimekwisha, tumbaku imekula malisho yote yaliyokuwa ya kijiji, na ng'ombe wanaanza kuanguka. Aliomba nimruhusu auze maksai wangu mmoja, anunue mashudu na akodi mabua kwa watu waliovuna mahindi, ili wote wavuke mpaka mvua. Duka lilikuwa limejaa. Mtu alikuwa anadai chenji, mashine imekwama karatasi, na mimi nikaona mjomba anataka kunipunguzia ng'ombe.

"Hapana, mjomba. Asiuzwe hata mmoja. Jua mwenyewe pa kuwapeleka."

"Haya, mayu," akasema, akiniita mama kwa Kisukuma kama kawaida yake, na akashuka kichuguu chake. Sikumpigia tena.

Baada ya wiki chache, mchana wa siku ya gulio, nilikuwa na nafasi kidogo nikafungua tovuti. Zikaja picha tatu za kamera ya mto mkavu. Ya kwanza ilikuwa vumbi na miguu. Nikaguna. Ya pili ilikuwa ng'ombe mwekundu, ubavu mzima, na begani baka jeupe. Nikasema ng'ombe wekundu ni wengi duniani. Ya tatu alikuwa amegeuza kichwa kuitazama kamera. Pembe ya kushoto ilikuwa imeinamia jicho, na sikio la kulia limekatwa ncha mara mbili.

Nyuma yake alikuwa mjomba. Fimbo ameilaza mabegani, mikono ameining'iniza juu yake kama kawaida yake, na kichwani amevaa kofia ya sufu niliyomletea mimi kutoka Mwanza. Uso ulionekana wote. Alikuwa amekonda.

Niliona aibu mbele ya kompyuta, mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kuniona. Yale maneno niliyoyaandika, kwamba hawana haya, yalikuwa bado pale na vidole gumba vyake, na ng'ombe aliyekuwa akikanyaga hifadhi alikuwa wangu. Mjomba hakuwa amewapeleka pale kwa ukorofi. Nilimnyima njia nyingine nikamwambia ajue mwenyewe.

Nilikuwa nataka kufunga ile picha nilipoona, mbali kidogo, kwenye kivuli cha miti, kitu cheusi. Nikaikuza. Tumbo jeupe. Pembe mbili ndefu zimepinda kwenda nyuma. Alikuwa amesimama kimya anawatazama ng'ombe wangu wakipita.

Sijui nilikaa muda gani. Mteja aliniita mara mbili, nikamwambia mtandao unasumbua. Sheria ya kutazama picha ni moja tu, kwamba uonyeshe kila kilichomo kwenye picha. Ningebonyeza palahala, picha ile ingetazamwa na kila mtaalamu wa mradi, ingepelekwa kwa wakubwa wa hifadhi, ingechapishwa, na mjomba wangu angekuwa katikati yake na kofia yake ya sufu. Ng'ombe wanaokutwa hifadhini hukamatwa na kupigwa mnada, na mchungaji huishia mahakamani. Mimi mwenyewe ndivyo nilivyokuwa nimeomba. Zizi lile ndilo maisha yake yote. Na nisipombonyeza palahala, nimewasaidia wale wanaosema upande ule umekwisha.

Hata "Mifugo" sikuthubutu, mtu asije akaifungua; nikabonyeza "Hakuna kitu". Tovuti ikanishukuru kwa mchango wangu na kuniletea picha ya nguchiro.

Labda wengine walioitazama walisema kweli. Sijui, kwa sababu tovuti haikuonyeshi wenzako wamejibu nini. Kuna saa naomba wawe wamesema kweli, kwa ajili ya yule mnyama. Halafu namkumbuka mjomba, naomba wawe walisinzia. Zote mbili ni dua mbaya, na ninaziomba zote.

Siku ile nilimtafuta mjomba hapatikani. Kesho yake asubuhi akapanda kichuguu, akaona nimempigia, akanipigia.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mayu. Mwangaluka. Umeamkaje huko?"

"Salama. Ng'ombe wanaendeleaje?"

"Wamepona! Yule mwekundu wako ukimwona hutamjua. Ana mimba."

"Unawachungia wapi?"

"Huku porini, ndani. Si uliniambia nijue mwenyewe? Nikajua."

Aliyasema bila kinyongo hata chembe, alisema kama mtu aliyetumwa kazi akaimaliza. Afadhali angenitukana. Nikamwambia amuuze yule maksai leo hii, na akitaka auze wawili, anunue mashudu, akodi mabua, awatoe ng'ombe wote kule ndani.

"Mbona umegeuka?"

"Nimesikia wanakamata."

"Nani kakwambia?"

"Watu wa hapa stendi."

Baada ya ule wa "Hakuna kitu", huo ukawa uongo wa pili. Tulipojiunga tuliahidi kutomwambia mtu yeyote kamera zilipo. Lakini kusema kweli sikunyamaza kwa sababu ya ahadi. Nilinyamaza kwa sababu ningemwambia kuna mti unaomtazama, angeniuliza mimi nimeanza lini kumtazama kupitia mti huo, na nilikuwa nikisema nini.

"Basi nitauza," akasema. "Wabeja, asante, mayu. Nilikuwa naogopa sana kule, sitakuficha. Silali." Akavuta pumzi. "Ila kuna kitu nilikiona kule, nikakukumbuka wewe."

"Kitu gani?"

"Mnyama. Jina lake silijui. Mweusi, mkubwa, tumbo jeupe, pembe zimekwenda nyuma hivi. Akasimama anatutazama, wala hakukimbia, mpaka ng'ombe wa mwisho akapita. Nikasema mwipwa wangu anavyopenda wanyama, kila siku yuko nao kwenye kompyuta, laiti ningekuwa na simu ya kupangusa ningempiga picha nikamtumia. Ungefurahi sana."

Nilikuwa nimesimama nyuma ya duka, karibu na tangi la maji, nimeegemeza paji la uso kwenye plastiki yake.

"Mayu? Unanisikia? Mtandao umekata?"

"Nakusikia, mjomba. Ningefurahi sana."

"Siku nyingine," akasema, na nikasikia anavyoteremka kichuguu, udongo ukiporomoka chini ya viatu vyake.

Maksai aliuzwa wiki hiyohiyo, ng'ombe wakatoka hifadhini, na jike mwekundu akazaa ndama anayefanana naye. Mjomba anasema nije nimwekee alama mwenyewe. Bado sijaenda.

Asubuhi ile, nilipotoka kwenye tangi na kurudi dukani, nilikuta wenzangu wa mtandaoni wananiulizia, kwa kuwa sikuwa nimeandika kitu tangu jana yake. Mmoja wao alikuwa ameniandikia swali langu mwenyewe: "Leo je?"

Nikavuta kiti, nikaandika, "Bado."