Neno Moja na Nyumba ya Shangazi Luti

Kitabu chenyewe kilinuka binzari. Zarina, binti wa mwenye duka la viungo, alikuwa akikificha nyuma ya magunia dukani kwa baba yake, na alipokimaliza akanipa mimi, jalada limechanika, akaniapisha nisiseme kimetoka wapi. Ilikuwa masika, miaka ya hamsini, Mlandege pale Iringa. Nilikuwa darasa la saba, nakaa kwa Shangazi Luti kwa sababu shule ya kwetu Nyololo iliishia darasa la nne. Kiingereza changu kilikuwa cha kuungaunga, lakini majivuno yangu, jamani, hayakupungua kitu.

Kilikuwa kitabu cha mapenzi ya adabu, cha Ulaya ya siku zile zile. Msichana ameachiwa nyumba kuukuu na babu yake, na seremala mmoja mpole anakuja kumsaidia. Kila alasiri mvua ikinyesha, Shangazi alikaa karibu na dirisha akishona vifungo vya nguo za watu, akaniambia, "Haya, tupeleke Ulaya." Nami nilisoma sentensi, nikaitafsiri, nikasoma nyingine. Mpaka katikati ya kitabu wale wawili walikuwa wameshikana mikono mara moja tu, tena kwa sababu ngazi iliteleza. Shangazi alicheka mpaka akajichoma sindano. "Kumbe Wazungu nao wana haya!"

Shangazi alikuwa mjane. Nyumba yake ya matofali mabichi ilivuja kila upande, na shemeji yake wa Ipogolo, mdogo wa marehemu, alikuwa akiidai iwe yake. Fundi Sanga, seremala wa mtaani kwetu, yeye alimtaka Shangazi mwenyewe. Kumuoa alikuwa tayari. Kuhamia kwa Shangazi ndiko alikokataa. "Mimi nikalale kwenye nyumba ya marehemu? Watu watanicheka mpaka lini?" Shangazi alimpenda, hilo mtaa mzima ulilijua. Lakini udongo wa matofali yale aliukanyaga kwa miguu yake mwenyewe, akiwa na mimba ya mtoto ambaye hakuishi. Basi akabaki hapo katikati, mwaka wa pili huo.

Sasa, ndani ya kitabu kulikuwa na neno lililojirudia kila ukurasa: "restore". Kamusi yangu ya shule ilianza na "kurudisha", nami sikujisumbua kusoma zaidi. Kwa hiyo yule msichana aliapa kuirudisha nyumba ya babu yake. "Anamrudishia nani?" Shangazi akauliza. "Wenyewe," nikajibu, macho makavu. Na kadiri alivyozidi kuirudisha, ndivyo seremala alivyozidi kumpenda. Shangazi akaacha kucheka. Jumamosi moja akaniambia amempelekea shemeji yake salamu, aje Jumatatu kuchukua ufunguo. "Kama yule binti aliweza kuirudisha, akapata mwenzake, mimi ni nani?"

Fundi Sanga alikuwa na chumba kimoja tu kilichojaa mbao. Mimi ningerudi Nyololo, na shule ingekuwa basi. Nikakifungua kitabu nione kama yule msichana alijuta, nikamkuta juu ya ngazi anapaka chokaa ukuta wa nyumba aliyokwisha kuirudisha! Nilikimbia hadi dukani kwa Zarina, nikamwonyesha lile neno. Alicheka mpaka akashika kaunta. "Kutengeneza, wewe! Anaitengeneza iwe kama zamani!"

Nilirudi nikamwambia Shangazi. Akaweka nguo chini. "Kwa hiyo hakumpa mtu?"

"Hakumpa mtu, Shangazi."

Akanifinya sikio, kweli kweli, halafu akalia. Alipomaliza kulia akasema, "Kesho tukitoka kanisani kamwite Fundi. Utasoma tena, na safari hii usome kilichoandikwa."

Fundi Sanga alikuja, akatuamkia "Kamwene", akakaa mlangoni, kofia magotini. Nikasoma vizuri: kuta, madirisha, ile ngazi, mpaka mwisho, pale wawili wale wanaposimama getini wameshikana mikono. Fundi akakohoa. "Sawa. Na huyo seremala, baadaye, alilala wapi?"

Kitabu hakikusema. Shangazi hakuinua macho, lakini sindano yake ilikuwa imesimama. Nikautazama ule ukurasa wa mwisho, nusu yake nyeupe tupu, nikasoma: "Alihamia humo humo. Wala hakuna aliyemcheka, kwa sababu kila mlango ulikuwa kazi ya mikono yake."

Fundi akainuka, akabonyeza fremu ya mlango kwa kidole gumba. "Hii imeliwa na mchwa," akasema. "Nitaanzia hapa." Jumatatu shemeji alimkuta juu ya paa, akarudi Ipogolo bila ufunguo.

Leo naishi Mbeya, mwalimu mstaafu wa Kiingereza. Wajukuu zangu wakikwama kwenye neno, simu inawatafsiria papo hapo, na maana zote zimepangwa chini yake. Nawaonea wivu kidogo, sifichi. Lakini kila mmoja anasoma peke yake, kimya, na hakuna anayeshusha sindano kumsikiliza. Kosa langu la kwanza nililikiri siku ile ile. Ile sentensi ya mwisho sikuikiri kamwe. Shangazi na Fundi walizeeka pamoja ndani ya nyumba ile, na kila aliyemtania Fundi kwamba ameolewa yeye, alimjibu kwa kujiamini: "Kasome. Imeandikwa kitabuni." Alifariki akiamini hivyo, nami nilikuwa nimekaa pembeni ya kitanda chake, nimemshika mkono.