Kalunguyeye wa Sekela

Nikifungua chupa ya siki, hata leo na mvi zangu, namkumbuka kalunguyeye wa mdogo wangu Sekela. Chumba cha Bwana, Mzungu mtafiti wa wanyama kule Iyunga, Mbeya, kilinuka hivyohivyo, ukali wa kukereketa koo, miaka ile ya hamsini baba alipokuwa mpishi wake. Bwana aliua kalunguyeye, akalowesha vipande vya nyama kwenye maji yale makali, akaviponda kati ya vioo viwili na kuvichungulia kwa hadubini. Baba alitueleza kwamba anahesabu nyuzi zilizomo ndani ya nyama, ajue kama kalunguyeye wa Mbeya na wa Iringa ni ndugu. Mama alicheka mpaka akaketi chini.

Wa Mbeya alikuwa nao tele. Wa Iringa hakuwa na hata mmoja.

Mimi nilikuwa na miaka kumi, Sekela sita. Kalunguyeye wake alimwokota nyuma ya kuni zetu, akamfuga kwenye boksi la sabuni na kumlisha mende. Sekela akimgusa, mnyama alijikunjua akamlamba vidole. Nikimgusa mimi, alijiviringa akanichoma. Nilijaribu wiki nzima, na kila siku alinichoma. Niliona wivu, nisiwafiche, tena wivu wa kumwonea mtoto wa miaka sita.

Mchana mmoja, Sekela akiwa kisimani na mama, nilimfunga mnyama kwenye kanga nikampeleka kwa Bwana.

"Hii natoka wapi?" aliuliza, kwa Kiswahili chake.

"Kilolo, Bwana, kule Iringa. Mjomba amemleta jana."

Hatukuwa na mjomba Kilolo. Bwana alifurahi sana, akaandika Kilolo kwenye kijikaratasi, akanipa kopo tupu la biskuti. Kisha akamtia kalunguyeye kwenye chupa yenye pamba iliyoloweshwa dawa na kufunga kifuniko. Sikuondoka. Nilitazama mpaka miiba ikalala na mnyama akajikunjua, nami nikafurahi kwamba safari hii alijikunjua mbele yangu.

Nyumbani nilimkuta Sekela anatafuta chini ya kitanda.

"Hukufunga boksi," nilimwambia. "Ametoka, mbwa wamemla. Ni wewe."

Hakubisha. Alikataa chakula siku mbili, na mama alimchapa kwa kudeka.

Baadaye nikawa mwalimu wa baolojia Iringa mjini. Nilipofundisha kromosomu ndipo nilipozielewa nyuzi za Bwana. Aina nyingi za kalunguyeye zina idadi ileile ya kromosomu, na tofauti imo kwenye maumbo na jinsi zinavyoshika rangi, kwa hiyo mtafiti lazima ajue kila mnyama ametoka wapi. Bwana alilinganisha Iyunga na Iyunga, akaondoka ameridhika. Mnyama yule alikufa bure kabisa. Kwa miaka mingi nilidhani kosa langu ndilo hilo, na niliweza kuishi nalo.

Kisha Sekela alifiwa na mtoto wake wa kwanza, kwa nimonia. Nilikaa naye msibani, na watu walipopungua alinisogelea.

"Dada, mimi sikujaliwa kutunza kitu," alisema. "Unamkumbuka yule kalunguyeye wangu?"

Nilimwambia namkumbuka. Nilimshika mkono, akanishukuru kwa kuja, na mpaka leo sijamwambia.