Kiko Chini ya Picha ya Marehemu

Baba alipofariki, kaka yangu Rwegasira alikiweka kiko chini ya picha yake, dirishani, sebuleni kwao Buswelu. Jua likakipiga mwaka mzima. Mdomo wake wa mpira mweusi ukageuka kijani kama maji ya ziwa yaliyotuama. Mama alipouonja, akatema.

"Mpira umeoza huo, kitupwe tu," wifi yangu Nice akasema.

Mama akakichukua. Alikaa uani, akaulowesha ule mdomo, akausugua kwa msasa laini, kisha kwa dawa ya meno na kitambaa, mpaka weusi ukarudi. Akaupaka tone la mafuta.

"Mpira hauanikwi juani," alisema. "Kiko kikishavutwa kinafutwa, kinalala kabatini."

"Lakini mama, si kirudi chini ya picha?" kaka akauliza. "Ni ukumbusho wa mzee."

Mama akakishindilia tumbaku, akawasha, akavuta taratibu.

"Wageni wakija nilikiwasha nikampa baba yenu, kumpa heshima yake. Wakiondoka alinirudishia. Kiko ni changu, Rwegasira. Mmeniwekea ukumbusho na bado napumua."