Airam

Mtaa mzima wa Kamalondo unamjua Bwalya kwa ugomvi wake na herufi. Ni fundi wa medali za shaba: za kwaya, za ndoa, za ubatizo. Mpelekee jina lililokosewa, atalinyoosha kabla hujafungua mdomo. Ukibisha, anakurudishia shaba yako na kukuonyesha mlango.

Ugonjwa huo una chanzo. Baba yake, mzee Kasonde, alimimina medali za Bikira Maria mtaa huohuo, na kusoma hakujua hata kidogo. Alichonga kalibu ya kumiminia shaba vile alivyoiona medali ya mapadri, bila kujua kwamba kalibu hugeuza maandishi. Kila Maria akatoka AIRAM. Watu walizivaa tu, maana Bikira hana shida na tahajia. Lakini shuleni Bwalya aliitwa mtoto wa Airam, na hilo hakulisamehe. Baba alipofariki, alipita nyumba kwa nyumba: leteni ya zamani, chukueni mpya iliyonyooka, bure. Za zamani akaziyeyusha zote. Dada yake mdogo, Chomba, alisema yake ilipotea mpakani, Kasumbalesa.

Juzijuzi mwalimu wa historia, Madame Précieuse, alimletea picha ya sarafu, amtengenezee nakala ya kuonyesha wanafunzi. Ilikuwa ya Waselti, watu wa Ulaya ya kale walioiga fedha za Warumi. Nywele za kichwa zilikuwa kama kamba, farasi ameachana na miguu yake, na jina la Roma limebaki vijiti na nukta. Bwalya akawasikitikia mafundi hao, akawasahihishia kazi. Sarafu aliyomkabidhi mwalimu iliandikwa ROMA, safi kama kibao cha ofisi.

Madame Précieuse aliigeuzageuza mkononi.

"Papa Bwalya, iko muzuri, mais sasa iko ya Baroma. Bale bantu habakujuaka kusoma. Balichora tu bile macho yabo ilikuwa inaona. Ni kosa yabo njo tunabajulia."

Bwalya aliahidi kuirudia. Mwalimu alipoondoka, aliketi akiangalia chungu chake cha kuyeyushia, kilichomeza Airam zote za baba. Majuto ni mjukuu.

Akachukua kalibu mpya, akajaribu kuchonga Airam ya baba. Herufi zilitoka wima, zimeachana sawasawa. Akazipinda kwa makusudi, zikawa za mtu anayejifanya hajui kusoma. Mkono uliokwenda shule ulikataa kurudi. Na hakukumbuka tena kama M ya mzee ililala kulia au kushoto. Hapo mkaidi huyu alilia, na hakujali wapita njia.

Alikwenda kwa Chomba na medali mbovu za majaribio hayo mfukoni, akamsimulia yote.

"Mukono ya baba ilibakia mu zile medali," alisema. "Mi mwenyewe njo niliiyeyusha."

Chomba alimwacha amalize. Kisha akafungua fundo la kitenge chake, akatoa kidude cha shaba kilicholainika kwa kuvaliwa.

"Haikupoteaka, yaya," akamwambia kaka yake. "Nilikuwa nakuficha tu wewe." Akakiweka mezani. "Angalia. Kushika, hapana."

Bwalya aliweka mikono nyuma, akainama. M ililala kushoto.