Tulipanga kwenda Rujewa kuona jua likipatwa, mume wangu akiwa amebakiwa na jicho moja

Wakuu, nawasalimu. Wengi wenu humu ni wajukuu zangu, kwa hiyo marahaba kabla hamjaniamkia.

Ninachoandika nilikiona mwenyewe na wengine waliokuwepo bado wapo hai. Shule niliishia darasa la nne na simu naiandika kwa kidole kimoja, herufi zikipishana mnivumilie. Ila majina sijasahau hata moja.

Mimi ni mkulima wa kahawa, Ihanda, huku Mbozi. Mume wangu anaitwa Ezekia.

Mwaka ule jua lilipopatwa na watu wakajaa Rujewa, jicho lake la kulia lilikuwa limeshakufa. Presha ya macho. La kushoto nalo lilikuwa linabana, anaona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Daktari alituambia bila kuficha kwamba dawa inachelewesha, hairudishi.

Basi redio ikatangaza kuwa kule Rujewa jua litafunikwa katikati, libaki duara la moto kama pete.

Ezekia akazima redio. Mtu huyu hajawahi kuniomba safari, hata ya harusi. Jioni akaniambia:

"Mama Neema, nipeleke. Nikishaingia gizani nataka niwe na kitu cha kuangalia."

Ningekataaje?

Tukapanga. Binti yetu Neema anakaa Uyole, Mbeya. Twende Jumatano, tulale kwake, Alhamisi alfajiri tupande gari la Rujewa. Neema akanunua ile miwani ya karatasi ya kuangalizia jua, ya baba yake na yangu, akatutumia kwa basi.

Ezekia akawa anaivaa kila mchana uani, anafanya mazoezi. Kwa jicho lile lilivyobana, kulipata tu jua ilimchukua muda. Alisema hataki siku yenyewe apoteze dakika.

Jumanne jioni Yoramu akafa.

Hapa nisimame kidogo niwaeleze. Yoramu alikuwa jirani, shamba lake na letu yanapakana. Yeye na Ezekia hawakuwa wanasalimiana miaka mingi kwa ajili ya mpaka. Walishapelekana kwa mwenyekiti wa kijiji, wakapelekana kwa mchungaji, wapi. Wakikutana njiani kila mmoja anaangalia mibuni.

Sasa huku kwetu, mtu mliyegombana naye akifa, wewe ndiye unayetazamwa. Usipoonekana msibani hawasemi umesafiri. Wanasema una mkono wako. Neno hilo likishasemwa, watoto wako nao wanalirithi.

Mazishi yakapangwa Alhamisi.

Jumatano asubuhi begi lilikuwa mlangoni na Ezekia ameshavaa koti. Nikamwambia hatuendi.

Akaniuliza kama nadhani alimloga Yoramu. Nikasema sidhani. Akasema basi twende. Nikamwambia mimi najua, lakini Tabia mke wa Yoramu hajui, na mwanawe Lwitiko hajui.

Akasema Yoramu alimlia shamba akiwa hai, leo amekufa anamlia na jua.

Nilitaka kucheka nikashindwa, maana machozi yalikuwa yanamtoka macho yote mawili, linaloona na lisiloona.

Nikarudisha begi ndani. Nikampigia Neema. Ezekia alikaa na koti lake mpaka chai ikapoa mbele yake.

Alhamisi nikamshika mkono tukaenda. Tulipoingia tu, watu wakapunguza sauti.

Kaburi lilichimbwa shambani kwao, karibu na mpaka ule ule. Wachimbaji walikuwa Lwitiko, Obedi, Simoni, Mawazo na Daudi yule wa Ruanda ya hapa Mbozi. Lwitiko akaacha jembe, akaja mpaka alipokaa Ezekia, akachuchumaa.

"Baba mkubwa, tuoneshe mpaka. Tusije tukamlaza baba kwako."

Ezekia akaomba atembezwe. Akafika, akagusagusa chini kwa fimbo, akasema hapo walipoanza ni sawa, na hata wakisogea hatua mbili upande wake ni sawa pia.

Tabia alipopelekewa maneno hayo ndani, alianza kulia upya.

Saa tano na kitu mwanga ukaanza kupungua. Si giza. Ni kama jioni, ila jua liko juu ya kichwa. Baridi ikaingia. Kwenye rundo la udongo wa kaburi, mwanga uliopenya kwenye majani ulikuwa umekatika vipande vipande kama miezi michanga, mingi, inatikisika. Wachimbaji wakapanda kutoka shimoni.

Nikamvalisha Ezekia miwani, nikamshika kidevu nikamwelekeza juu. Akatafuta, akatafuta.

Akasema amelipata. Kisha, polepole:

"Ni kipande tu. Pete haipo."

Huku kwetu halikufika kuwa pete, wakuu. Hiyo ilikuwa kule.

Akaivua miwani akampa Lwitiko. Ikazunguka kwa wote, na yangu nikampelekea Tabia ndani, atoke naye aone. Mwanga ukarudi, wachimbaji wakarudi shimoni. Saa tisa tukamzika Yoramu.

Jicho la kushoto lilikufa mwaka uliofuata, tukiwa kwenye kuchuma kahawa.

Lile neno halikusemwa. Watoto wetu wanasalimiana na watoto wa Yoramu, na nikiumwa Lwitiko ndiye anayemshika Ezekia mkono kwenda kanisani. Kuna atakayesema basi ilikuwa heri. Mimi siwezi kusema haraka hivyo. Mtu aliniomba kitu kimoja maisha yote, na mimi ndiye niliyerudisha begi ndani.

Juzi tukipukuchua mahindi nikamuuliza kama bado ananilaumu. Aliendelea kupukuchua, mahindi yanadondoka kwenye beseni.

"Nakulaumu," akasema. "Ila tungekwenda, ningekulaumu zaidi."

Nilichojifunza ni hiki. Unaweza kuamua vizuri na bado ukamuumiza mtu wako. Usimlazimishe akushukuru. Mwache aseme kuwa imemuuma, na wewe ukae hapo usikie.

Kama kuna aliyewahi kumnyima mwenzake kitu kwa sababu kama yangu, aniambie waliishije baadaye. Nasoma polepole ila nitasoma yote.

Na kama humu yupo aliyekuwa Rujewa siku ile, namwomba aniandikie hiyo pete ilikuwaje. Rangi yake, unene wake, ilikaa muda gani, watu walifanya nini. Usifupishe.

Nitamsomea Ezekia. Amekaa hapa pembeni yangu.