Sikio la Kushoto la Yared

Yared Tomasi alikuwa fundi matairi pale Mikumi, kando ya barabara kuu, mahali ambapo malori ya Iringa husimama ili injini zipoe na madereva wapate chakula. Mchana kutwa kompresa ilikuwa ikinguruma upande wake wa kushoto. Jioni alikuwa na gitaa. Hakuna aliyemfundisha. Alijifunza mwenyewe akiwa kijana kwao Vidunda, akisikiliza redio ya baba yake na kutafuta sauti kwenye nyuzi mpaka zifanane na alichokisikia. Alipiga kanisani Jumapili na alipiga nyumbani, basi.

Hofu ilimwingia akiwa mbele ya televisheni. Walikuwa wamemaliza kula, mkewe Debora na binti yao Anitha wanatazama tamthilia, naye yuko kwenye kiti chake cha siku zote. Mwanamke mmoja kwenye tamthilia akasema neno, mama na mwana wakaangua kicheko mpaka wakaegemeana.

"Amesemaje?" Yared akauliza.

"Hamna kitu, baba," Anitha akajibu bila kugeuka.

Binti hakuwa na nia mbaya. Lakini Yared aliyajua maneno yale. Maneno hayohayo ndiyo aliyokuwa akijibiwa baba yake, mzee Tomasi, kule Vidunda mlimani. Mzee alianza kupoteza usikivu kidogo kidogo, na watu wa nyumbani wakachoka kurudia. Akiuliza, anaambiwa hamna kitu. Siku hizi hata haulizi. Wenzake wakicheka naye anacheka, huku anawatazama midomo ajue wataacha lini.

Wanawake walipokwenda jikoni, Yared aliziba sikio la kulia kwa kidole. Taarifa ya habari ilikuwa imeanza. Mtangazaji akaendelea kuchezesha midomo, na sauti yake ikawa kitu cha mbali kama mtu anayeongea nyumba ya tatu. Akaachia kidole, sauti ikarudi. Akaziba tena.

Hakumwambia mtu. Kwa majuma kadhaa alibaki kuwaza peke yake, mikono ikifungua matairi. Televisheni, aliwaza, hata bila sauti inabaki na picha. Mtu unaweza kukisia nani amegombana na nani. Lakini muziki bila sauti ni nini? Ni mtu mzima anayekwaruza ubao. Halafu akili ikaenda mbali zaidi: Anitha ataolewa siku moja, ataleta watoto, nao watamwita babu yao kutokea nyuma, na babu hatageuka. Hapo alikuwa akiisimamisha kazi na kuvuta pumzi.

Siku ya mazoezi ya kwaya, Monica, mwalimu wao, alisimamisha wimbo katikati.

"Kaka Yared, hebu tyuni gitaa tena. Uzi wa chini umelegea."

"Ni vumbi la barabarani hili, dada," alijibu huku akicheka. Watu wakacheka naye. Yeye alijua kwamba alikuwa ametoka kulityuni muda si mrefu, na kwa sikio lake lilikuwa limekaa sawa kabisa.

Siri yake ilifichuka Jumatatu moja mchana. Alikuwa anavuka barabara kufuata chai. Akatazama kulia, na kwa upande wa kushoto akaliamini sikio, kama alivyofanya maisha yake yote. Semitrela iliyokuwa inaovateki ikapita karibu naye kiasi kwamba upepo wake ulimtupa kwenye changarawe. Alipoinua kichwa, Debora alikuwa anakuja mbio, hotpoti ya chakula ameitupa chini.

"Yared! Nimekuita mpaka koo limekauka! Hukusikia?"

"Sikusikia."

"Honi je? Honi yote ile?"

Yared alikaa palepale chini. "Debora," alisema, "mimi nimeshika njia ya baba."

Mkewe alimfuta vumbi usoni kwa ncha ya kitenge.

Kesho yake wakapanda basi la Kilosa kwenda hospitali. Njia nzima Yared aliomba basi liharibike. Alikuwa radhi kuishi na hofu kuliko kuishi na jibu.

Daktari alikuwa binti mdogo. "Shikamoo, baba," alimwamkia.

"Marahaba."

Alimchungulia masikio kwa taa, kisha akagonga chuma chenye meno mawili na kukishikiza katikati ya paji la uso wake. "Unaisikia wapi?"

Yared alifumba macho. Sauti ilikuwa nzuri, nyembamba, imenyooka. "Huku tu," akagusa sikio la kulia. Chozi likamtoka kabla hajalizuia.

Baada ya vipimo vingine daktari aliwaeleza polepole. Mshipa wa sikio la kushoto umeumia, na anadhani ni makelele ya miaka mingi. Kilichopotea hakirudi. La kulia ni zima.

"Nalo litakufa?" Yared akauliza.

"Siwezi kukuahidi, baba. Ziba masikio ukiwa kazini, na uje nikupime tena."

"Gitaa aache?" Debora akauliza.

"Gitaa aache kwa nini? Aogope ile kompresa."

Jioni ile walimweleza Anitha. Akahamia upande wa kulia wa baba yake na kumlalia begani.

Kwenye mazoezi yaliyofuata Yared alisimama mbele ya kwaya akawaambia ukweli. Akaomba kukaa mwisho kabisa kushoto, ili wote wawe upande anaosikia. Wakajipanga upya, wakigombea viti. Ulikuwa wimbo mpya, na Yared akapitwa na mahali pa kuingia na gitaa. Monica akainua mkono, kwaya nzima ikanyamaza. Yared akafuta kiganja kwenye suruali, akashika nyuzi.

"Tuanze tena," alisema Monica.

Wakaanza.